Mwili ukilalamika, usikubali kuambiwa ni uchovu tu

Msomaji, huenda unamkumbuka Gail Devers, yule Mmarekani wa kucha ndefu aliyetamba miaka ya tisini. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 kuruka viunzi mara tatu: 1993, 1995 na 1999. Wengi walizitazama kucha zake. Wachache walijua kwamba miguu ile nusura ikatwe.

Mwaka 1988 aliweka rekodi ya Marekani ya viunzi, sekunde 12.61. Lakini katika Olimpiki ya Seoul mwaka huo huo alitolewa kwenye nusu fainali. Mwili ulikuwa umeanza kumgeuka. Alikonda, nywele zikamtoka, kichwa kikamuuma, macho yakafifia. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla ya kugunduliwa, mnamo 1990, kwamba ana ugonjwa wa Graves.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huichochea tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, itoe homoni kupita kiasi. Moyo hudunda mbio hata ukiwa umeketi, mikono hutetemeka, jasho hukutoka, usingizi hupotea, nawe unakonda ingawa unakula vizuri. Wengine hutokeza macho au kuvimba shingo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Devers alitibiwa kwa mionzi. Miguu ikavimba na kutoka malengelenge hata akashindwa kutembea, na mapema mwaka 1991 madaktari wakafikiria kuikata. Matibabu yalipobadilishwa, akapata nafuu. Mwaka huo huo alitwaa medali ya fedha ya viunzi katika mashindano ya dunia mjini Tokyo. Huko Barcelona mwaka 1992 alishinda dhahabu ya mita 100. Katika viunzi aliongoza mpaka kiunzi cha mwisho, akajikwaa, akamaliza wa tano.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maoni yangu, methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake. Devers hakuficha. Alisema, na bado jibu lilichelewa. Ikiwa ilikuwa hivyo kwa mwanariadha ambaye mwili wake ndio kazi yake, itakuwaje kwa mama wa Kayole au Kisauni anayeambiwa ana mawazo mengi, au kwamba jirani amemroga?

Kwa hivyo, usinunue tembe za usingizi dukani ukanyamaza. Andika dalili zako na siku zilipoanza. Rudi hospitalini, umuulize daktari waziwazi kama unahitaji kupimwa homoni za thairoidi. Kipimo ni cha damu tu, na tiba ipo: tembe, mionzi au upasuaji.

Nawe daktari, mama huyo akirudi mara ya tatu na malalamiko yale yale, usimwambie akapumzike. Mpime.