Ramani Isiyojua Mteremko

Nyumba ikichorwa mita moja pembeni mwa ilipo, hakuna atakayezama. Lakini ardhi ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ikichorwa nusu mita juu kuliko ilivyo, kuna familia zitakazoambiwa ziko salama mahali ambapo maji yatazifikia vitandani. Ndiyo maana toleo hili linahusu mwinuko, jambo ambalo wengi wetu tunaochora ramani kwa droni tunaliachia programu.

Mwinuko haumo kwenye picha moja, hutafutwa kwa hesabu. Droni hupiga picha zinazolaliana kwa asilimia 70 hadi 80, ili kila kitu kionekane kutoka pembe kadhaa. Programu huitambua nukta ileile katika picha mbalimbali, hukadiria kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, ndipo ipate urefu. Makuti yakipeperushwa na upepo huipotezea nukta za kushika; maji ya bahari ndiyo kabisa. Na pasipokuwa na alama zilizopimwa ardhini, kosa dogo la lenzi hukua polepole hadi uwanda uliolala sawasawa unatoka umepinda kama bakuli. Picha iliyounganishwa itapendeza vilevile. Mabati yataonekana moja moja, barabara zitanyooka, na hakuna mkubwa ofisini atakayeshtuka. Maji ya modeli ya mafuriko, hata hivyo, yataelekea kusiko.

Halafu kuna paa. Kinachotoka kwanza katika uchakataji ni uso wa juu wa kila kitu: mabati, vilele vya miembe, magari. Ardhi inabidi itafutwe chini ya hivyo vyote, na Tandale, jijini Dar es Salaam, ambako nyumba zimebanana, uwazi wa kuishika ardhi ni vichochoro tu. Kalavati nalo halionekani kutoka angani, kwa hiyo barabara inayopitisha maji chini yake hugeuka bwawa kwenye kompyuta. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashusha wanafunzi wa vyuo mitaani wakafuata mitaro kwa miguu, wakaipima, wakawauliza wakazi maji yalifika wapi. Naithamini kazi hiyo kuliko picha yoyote iliyopigwa juu ya jiji lile.

Wapo wanaotegemea bado vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mwezi Februari 2000. Pikseli ya vipimo hivyo ni mita 30. Kwa safu za milima ya Usambara inafaa kwa mengi. Kwa Tandale inameza nyumba kadhaa, kichochoro na mtaro kwa pamoja.

Tunachodai ni hiki: fedha za kurusha droni zisitengwe bila fedha za kupima chini. Zabuni itaje kosa la mwinuko linaloruhusiwa, lihakikiwe kwa alama ambazo mchakataji hakupewa. Picha ghafi zikabidhiwe pamoja na vipimo vya alama zote. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, ikiwatumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliziweka picha zake wazi kwa umma. Vipimo vya ardhini navyo viwekwe wazi kila mahali, ili mwanafunzi yeyote aweze kuichakata upya kazi ya kampuni iliyolipwa na kuonyesha ilipokosea.