Nasaha za Nyumba: Siku ya Mume na Mke Mji wa Kale



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa Likoni. Aeleza kwamba ameolewa miaka ishirini na sita, amejaaliwa watoto watano, na katika muda wote huo amevuka feri mara zisizohesabika: kwenda Marikiti, kwenda hospitali, kwenda harusini na matangani. Fort Jesus aijua kwa ukuta wake wa nje tu. Alimwomba mumewe wende pamoja siku moja, wao wawili, wakatazame ngome na mitaa ya Mji wa Kale. Mume akajibu kuwa hayo ni matembezi ya Wazungu, na kwamba mtu mzima hendi kulipa pesa atazame mawe. Mama auliza mambo mawili: je, pana ubaya katika sheria mume kumtembeza mkewe? Na je, alikosea kuomba?

La pili nalijibu kwanza: hakukosea. Mke kuomba wakati wa mumewe ni kuomba haki iliyo karibu zaidi na moyo wake kuliko kanga na pete. Ama la kwanza, wanazuoni wametufundisha kwamba asili ya mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Hapa dalili iliyopo yaelekea upande wa kuhimiza.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini mwa Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha (r.a.) akapenda kutazama. Mtume akamsimamisha nyuma yake, akamsitiri kwa shuka yake, naye akawa akitazama juu ya bega la mumewe. Mtume hakumhimiza wala hakuondoka. Alisimama pale mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka, ndipo walipoondoka.

Hebu tuizingatie hadithi hii, ndugu zangu waume. Aliyesimama vile alikuwa mtu mwenye kubeba wahyi, mwenye kuongoza umma, mwenye majeshi na wajumbe wa kupokea. Kama pana mtu ambaye angaliweza kusema hana nafasi, ni yeye. Tena mpimaji wa muda hakuwa yeye, alikuwa mkewe. Ajabu nyingine ni kwamba hadithi hii twaipokea kwa ulimi wa Bibi Aisha mwenyewe. Mume alikwisha kufariki, miaka imepita, naye bado akumbuka lile bega na ile shuka. Wake zetu nao wakumbuka. Swali ni watakumbuka nini.

Ama kusema kwamba kutazama athari za kale ni mambo ya Wazungu, hilo nalo lina jibu. Qur'ani Tukufu, mahali pengi, yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Na mji huu ulitembelewa na msafiri wa Kiislamu kabla Mreno hajajua njia ya kufika. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tanja katika nchi ya Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliwaeleza wazee wetu kuwa watu wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na wema, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Hata chakula chao, ndizi na samaki, hakukiacha. Mtu alitoka magharibi ya dunia akautazama mji wetu na kuuandika. Iweje aliye ng'ambo ya kivuko, au aliye Kisauni mwenye daraja la Nyali, au aliye Changamwe, ashindwe?

Na watu wa Changamwe nawakumbusha kwamba jina lao limo ndani ya historia ya mji. Taifa kumi na mbili za Mombasa zagawanyika mafungu mawili, Tisa Taifa na Tatu Taifa, na katika hizo tatu, pamoja na Wakilindini na Watangana, wamo Wachangamwe. Mji wa Kale si mali ya watu wa kisiwani peke yao.

Basi mume mwenye nia na aipange siku hivi.

Atoke mapema, jua halijawa kali. Abiria wa miguu hulipi feri ya Likoni, kwa hivyo safari yaanza bila gharama. Achukue kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Aanze na ngome.

Mombasa haikumkaribisha Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, naye akaenda zake Malindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na majeshi, akauteka mji na kuuchoma. Kisha mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari, kwa ramani ya Mtaliani aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waliijenga kwa nia ya kukaa. Mume na amwonyeshe mkewe unene wa zile kuta, kisha wahesabu pamoja miaka waliyokaa.

Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan aliwatoa. Huyu alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa. Babake aliuawa, naye akachukuliwa mtoto kupelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo. Aliporejeshwa kutawala, alionekana akiomba kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu. Alipojua kwamba siri yake imetoka, aliingia ngomeni akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Katika siku hizo waliuawa pia wengi wasio askari, na hilo dini yetu haituruhusu kulisifu. Lakini mama mwenye watoto ataielewa hadithi hii kuliko mwanahistoria: mtoto aliyetengwa na watu wake, akapewa jina jingine, asilisahau kaburi la babake.

Wareno walirudi. Mwezi wa Machi 1696 Waomani wakaizingira ngome, na mazingira hayo yakaendelea mpaka Disemba 1698. Njaa na maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani zaidi ya mizinga. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilikaa chini ya bahari mpaka miaka ya 1970 wapiga mbizi walipoichunguza, na baadhi ya vyombo vyake vimewekwa ndani ya makumbusho. Baadaye ngome ikawa ya Mazrui, kisha ya Busaidi. Chini ya Mwingereza ikawa jela tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1962, na mwaka 2011 ngome ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wasikose kuitazama michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno, yenye meli ndani yake. Wale walikuwa watu walio mbali na kwao, walioipitisha siku kwa kuchora chombo. Wake wa Likoni na Kisauni ambao waume zao wako baharini au Ghuba hawatahitaji mtu wa kuwafasiria michoro hiyo. Waingie pia Nyumba ya Waomani, kisha wapumzike juu ya ukuta wanapoona maji ya bandari. Huo ndio wakati wa kuzungumza.

Adhuhuri ikiingia wasali kwa wakati. Wala asije mtu akaipunguza sala kwa kuwa amevuka maji: kutoka Likoni hadi kisiwani si masafa ya safari. Na hapa nampa mume kazi ya mapema. Si kila msikiti wa kale una mahali pa wanawake. Aulize kabla ya siku yenyewe, ajue mkewe atatawadha wapi na kusali wapi. Kumwacha mke amesimama barazani juani huku mume yumo ndani safu ya kwanza si adabu ya matembezi wala si adabu ya dini.

Msikiti wa Mandhry hata hivyo na wautazame wote wawili. Wahesabiwa kuwa wa mwaka 1570, una mnara mweupe unaokonda kuelekea juu. Uko katika barabara ya Sir Mbarak Hinawy, aliyekuwa liwali wa pwani. Zamani barabara hiyo ikiitwa kwa jina la Vasco da Gama. Msikiti huu umeitangulia Fort Jesus kwa zaidi ya miaka ishirini. Ngome ilijengwa kwa nguvu, ikapita mikononi mwa hawa na wale, leo ni mahali pa kununua tikiti. Msikiti ungali waadhiniwa mara tano kwa siku. Mwenye kutaka mazingatio asitafute mbali.

Baada ya chakula wapite Ndia Kuu polepole. Neno ndia ni lahaja yetu ya Kimvita, ndiyo njia ya wengine. Watazame milango iliyonakshiwa, roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia, na baraza za mawe ambapo wazee hukaa jioni. Washuke hadi ngazi za Leven karibu na maji. Jina hilo ni la meli ya Kapteni Owen aliyefika mwaka 1824, wakati Mazrui walipotaka himaya ya Waingereza dhidi ya Seyyid Said. Himaya hiyo haikupita mwaka 1826. Kisha Bandari ya Kale, palipotia nanga majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Na mke asidhani kwamba historia hii ni ya wanaume watupu. Mapokeo ya Mombasa yamtaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyeutawala mji kabla ya Shehe Mvita.

Alasiri waisali, wanywe kahawa na kashata au madafu, warudi kabla ya msongamano wa jioni pale kivukoni.

Haya ndiyo ya kutazama. Yaliyo mazito zaidi ni namna ya kutazama, nayo ni haya.

Mume asitangulie hatua kumi mbele kama mtu anayekimbilia feri. Atembee na mkewe. Simu aitie mfukoni. Wateja na makundi yatamngoja. Asihesabu kila shilingi kwa sauti, kwani tunda linalotolewa kwa masimango hugeuka chungu mdomoni. Mke akisimama mbele ya mlango mmoja kwa muda mrefu, mume asimwambie milango yote ni sawa. Amsimamie, kama alivyosimama Mtume (s.a.w.), mpaka yeye atosheke.

Na mke naye asiigeuze siku hiyo kuwa mahakama. Karo, kodi ya nyumba na mambo ya mawifi yana siku zake. Ahifadhi stara yake, wala asione picha zao zote lazima zionekane na watu. Baadhi ya furaha huhifadhika vyema zikifichwa ndani ya nyumba.

Nimekaa na wanandoa wengi wanaokuja kusuluhishwa. Walio wengi hawakuanza kwa matusi wala kwa mke wa pili. Walianza kwa ukimya. Mazungumzo yao yalipungua mpaka yakabaki unga, gesi na nani atamchukua mtoto chuoni. Siku watoto walipokua na kuondoka, wakakuta ndani ya nyumba mna watu wawili wasiojuana. Sura ya Ar-Rum yatufundisha kwamba wenza waliumbwa ili nafsi zipate utulivu, na kwamba kati yao pamewekwa mapenzi na huruma. Utulivu huo ni neema, na neema isiyotunzwa huondoka.

Asiye na nauli ya wawili na aanze na alichonacho. Ndia Kuu haina kiingilio. Ufuo wa Likoni hauna kiingilio. Mjane, na mwenye mume wa mbali, wende na watoto wao au ndugu zao wa kike, wakawasimulie haya. Mtoto aliyeonyeshwa msikiti wa mababu zake na mkono wa mamake hatakubali kuambiwa kwamba hana asili.

Kwa mume wa mama huyu nasema kwa heshima: bwana, hukuitwa kutazama mawe. Uliitwa kukaa na mkeo, naye baada ya miaka ishirini na sita bado apenda kuwa nawe. Wako waume wanaolitamani ombi hilo na hawalisikii tena. Chagua siku, umwambie leo.

Allah atie mapenzi na rehma katika nyumba zetu, awasitiri wake zetu, awarejeshe salama walio safarini, na atujaalie kuwa wema kwa watu wetu wa nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.