Aldabra na Uzushi wa Kisiwa Kisichoguswa

Kila biashara ina neno lake la kuvutia wateja. Wauzaji wa safari za meli ndogo kwenda Aldabra wamekwisha kulichagua neno lao: kisiwa "kisichoguswa". Neno hilo hupambwa kwa picha ya kobe mkubwa aliyeinua shingo, mchanga mweupe usio na nyayo na maji yaliyotulia kama kioo. Asomaye tangazo huaminishwa kwamba huko aendako historia haijafika, na kwamba yeye ataikanyaga nchi kama ilivyotoka mikononi mwa Muumba. Ni neno tamu. Walakini ni la uongo, na uongo huo una gharama ambayo hailipwi na anayelitamka.

Uzuri wenyewe hauna mjadala. Aldabra ni duara la matumbawe lenye urefu wa kilomita 34 hivi, visiwa vinne vikubwa vilivyolizunguka ziwa la maji ya chumvi. Kiutawala ni sehemu ya Shelisheli, lakini imejitenga na kisiwa kikuu cha Mahé kwa zaidi ya kilomita 1,100; mwambao wa kusini mwa Tanzania uko karibu nayo kuliko mji mkuu wake wenyewe. Hakuna kiwanja cha ndege wala hoteli. Mgeni hulala melini, kisha huteremshwa kwa boti za mpira. Maji yakijaa, bahari huingia kwa kishindo kupitia milango michache iliyo baina ya visiwa. Yakipwa, vichwa vya matumbawe husimama juu ya maji mithili ya uyoga. Boti huachiwa ichukuliwe na mkondo, na chini yake hupita papa, taa na kasa, wote wakiyafuata maji kutafuta riziki. Juu ya mikoko wametaga ndege wa baharini maelfu kwa maelfu. Nchi kavu wanatambaa kobe wapatao 100,000, na vichakani anakimbia ndege mwenye koo jeupe asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna yake katika visiwa vyote vya Bahari ya Hindi. Aliyeyaona haya akarudi kwao akiwa bubu kwa mshangao hastahili kulaumiwa.

La kulaumiwa ni neno. Kobe wa Aldabra hawakubaki kwa sababu mkono wa mwanadamu haukuwafikia. Mkono uliwafikia mapema sana. Kobe anaweza kukaa miezi kadhaa bila ya chakula; kwa mabaharia wa zamani huyo alikuwa nyama isiyooza, hupangwa ngamani kama magunia. Kwa njia hiyo kobe wa asili wa Mauritius, Rodrigues na Réunion walikwisha kabisa. Hofu ya kuwa Aldabra ingefuata ndiyo iliyowafanya wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin akiwa mmoja wao, kumwandikia gavana wa Mauritius mwaka 1874 wakimsihi awalinde waliosalia. Baadaye kisiwa kilikodishwa, watu wakaletwa kufanya kazi, na kasa wakachinjwa kwa wingi, nyama na mafuta yao yakasafirishwa ng'ambo. Kasa hawakupata ulinzi wa sheria hadi mwaka 1968. Mbuzi walioachwa na walowezi waliendelea kuila nchi hiyo hadi wa mwisho walipoondolewa mwaka 2012. Je, hiki ndicho kisiwa kisichoguswa? Kimeguswa, kikaumizwa, kisha kikauguzwa. Uuguzi huo ni kazi ya watu, na neno la wauzaji huifuta kazi hiyo pamoja na jeraha lililoileta.

Yapo yaliyo mazito zaidi. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliimega Aldabra kutoka Shelisheli na kuitia katika koloni jipya pamoja na visiwa vya Chagos, vilivyomegwa kutoka Mauritius. Kusudi lilikuwa kambi za kijeshi za Waingereza na Wamarekani, na Aldabra ilipangiwa kiwanja cha ndege za kivita. Wanasayansi wa London na Washington walipiga kelele: ndege wangeuawa, kobe wangefukuzwa, maumbile yasiyo na mfano yangepotea. Novemba 1967, mara baada ya thamani ya pauni kushushwa, mpango wa Aldabra ulitupwa. Kobe akasalimika.

Haja ya kambi, hata hivyo, haikutupwa. Kambi ilijengwa Diego Garcia, katika Chagos, na huko waliokuwapo walikuwa watu. Baina ya mwaka 1968 na 1973 wakaazi wote wa Chagos waliondolewa makwao. Wengi wakaachwa Mauritius, wengine Shelisheli, bila ya nyumba wala kazi. Mbwa wao walikusanywa wakauawa kwa moshi. Kobe alipata watetezi wenye majina makubwa na kurasa za magazeti. Watu wa Chagos, wajukuu wa watumwa walioletwa kutoka Afrika na Madagaska, hawakupata hata mtu wa kuwauliza. Kosa si la kobe, wala si la waliomtetea. Kosa ni la wanaoisimulia habari ya Aldabra hadi kwenye ushindi wa kobe, kisha wakanyamaza, kana kwamba upande wa pili wa mizani haukuwa na kitu.

Wala haya si mambo ya kale yaliyozikwa. Mwaka 2010 Uingereza iliitangaza bahari ya Chagos kuwa hifadhi na kupiga marufuku uvuvi. Jambo jema kwa samaki, mtu angesema. Lakini waliofukuzwa waliona mlango mwingine ukifungwa mbele yao, kwani nani atarudi kisiwani asikoruhusiwa kuvua? Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba hifadhi hiyo ilitangazwa kinyume cha sheria ya bahari kwa kuwa haki za Mauritius hazikuheshimiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa rai kwamba kuimega Chagos hakukuwa halali tangu mwanzo. Basi maneno "asili", "safi" na "kisichoguswa" yana kazi nyingine zaidi ya kuuza tiketi. Aghalabu hutumika kuhalalisha kutokuwapo kwa watu. Kisiwa kisicho na mtu husifiwa kama kwamba ndivyo kilivyoumbwa, na haulizwi aliyeondoka, aliondoshwa na nani?

Kuna na ushahidi ambao bahari yenyewe huuleta kila siku. Mgeni wa Aldabra hukaguliwa kabla ya kuteremka: viatu husuguliwa, mifuko hukung'utwa, isije mbegu ngeni ikaingia. Ni kanuni nzuri, na iheshimiwe. Lakini huku mgeni akikagua soli zake, mawimbi yanamwaga ufukweni kandambili, chupa, kamba na nyavu. Mwaka 2019 kikundi cha waliojitolea kilifanya kazi wiki tano kikaondoa tani 25 za taka. Wataalamu wakakadiria kwamba zaidi ya tani 500 zilibaki. Sehemu kubwa kwa uzito ilikuwa zana za uvuvi, na wataalamu waliihusisha na meli kubwa zinazovua jodari katika bahari hiyo. Jodari huyo huishia makoponi, na makopo huishia mezani mwa nchi zile zile zitumazo watalii kuja kutazama kisiwa safi. Katika picha za matangazo nyavu hizo hazionekani. Mpiga picha ameshajua pa kusimama.

Watu wa Zanzibar wana sababu yao ya kulisikiliza jambo hili. Mwaka 1919 kobe wanne wa Aldabra waliletwa kisiwani Changuu, zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli. Walizaana hata wakafikia kama 200 mwaka 1955. Kisha wakaibwa, wakauzwa, wakaliwa. Kufikia mwaka 1996 walikuwa wamesalia saba, na ikabidi waliobaki wazungushiwe uzio. Kwa hiyo asijitokeze mtu wa mwambao akasema kwamba uharibifu ni tabia ya wageni peke yao. Mikono iliyoiba Changuu haikuvuka bahari. Lakini hilo hilo ndilo linalothibitisha hoja: kobe hawalindwi na umbali wala kwa kusifiwa. Hulindwa na watu wanaolipwa, wanaokaa, wanaohesabu, na wanaoujua ukweli wa mambo.

Watetezi wa safari watasema kwamba meli ndogo haina madhara na kwamba fedha za mgeni ndizo zinazolinda. Hoja hii ina ukweli, tena haifai kudharauliwa. Taasisi ya visiwa vya Shelisheli iliyoundwa mwaka 1979 kuisimamia Aldabra hutegemea sana viingilio vya msitu wa Vallée de Mai, huko Praslin. Watalii walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi, mfuko nao ulitikisika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na aje. Asiyetaka mgeni yeyote afike na aseme mishahara ya walinzi itatoka wapi.

Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Aldabra ni mambo matatu. La kwanza ni ukweli: aliyelipa kuipanda boti aelezwe habari za mwaka 1965 na 1967, na za Diego Garcia, kabla ya kuelezwa majina ya ndege. La pili ni taka: kila kampuni inayojipatia faida kwa picha ya ufukwe ule ichangie kuusafisha, na meli ziachazo zana zao baharini zidaiwe na bendera zinazozipeperusha. La tatu ni watu: watoto wa Shelisheli, na wa visiwa vinavyopakana nayo katika bahari hii, wapatiwe nafasi ya kukiona kile ambacho sasa huonwa zaidi na wastaafu matajiri kutoka mbali. Urithi wa dunia, hadhi iliyopewa Aldabra mwaka 1982, hauwezi kuwa na maana ya urithi wa wenye fedha za kuukodia meli.

Na lile neno litupwe. Badala yake liandikwe lililo kweli: kisiwa kilichonusurika. Neno hili litamlazimisha msomaji kuuliza kilinusurika na nini, kwa juhudi za nani, na ni nani hakunusurika. Kampuni iogopayo maswali hayo matatu haina haki ya kumteremsha mtu Aldabra.