Mwenye mlango ndiye wa kwanza kushukuru

Kuna neno ambalo familia zilizokimbia vita Kivu Kaskazini zimelisikia karibu kila siku: "Mushukuru Mungu, muko wazima." Wanaambiwa na wenyeji, wanaambiwa na wageni wa mashirika, hata kanisani wanaambiwa. Neno lenyewe si baya. Waliotoka Rutshuru, Masisi ama Nyiragongo wakiwa na watoto mgongoni wanajua thamani ya kuwa mzima kuliko mtu yeyote. Shida ni pale neno hilo linapotumiwa kufunga mazungumzo. Mama anasema hana pa kuogea, anajibiwa ashukuru. Mzee anasema mgongo unamuuma kwa kulala juu ya mawe, anajibiwa ashukuru. Basi shukrani inakuwa deni la yule aliyepoteza vyote, na yule mwenye nyumba, robine na kitanda anaonekana hadaiwi kitu.

Ingefaa iwe kinyume. Wa kwanza kushukuru ni yule ambaye jioni anafunga mlango wake kwa ufunguo na kulala.

Kufunga mlango ni jambo dogo, hakuna anayelihesabu kuwa utajiri. Lakini mtu aliyeishi chini ya shitingi anajua kwamba shitingi haina pa kutia kufuli. Wembe mmoja usiku unatosha. Ndiyo maana mama wengi walilala nusu usingizi, sufuria na nguo za watoto zikiwa chini ya kichwa. Kuoga ni jambo dogo vilevile, mpaka siku mtu anapolazimika kuamka kabla ya mapambazuko ili aoge gizani bila kuonekana. Kununua makala ya kupikia kandokando ya barabara ni jambo dogo, mpaka mtu akose hata franka za kikopo kimoja na aende kutafuta kuni kwenye pori, ambako wanawake wengi wamebakwa. Hata msumari ukutani, wa kutundika shati la mtoto la shule lisichafuke, ni raha ambayo mwenye ukuta haijui.

Kandokando ya Goma, kule Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na Rusayo, ardhi ni mawe meusi ya volkano. Kuchimba choo pale ni kazi ngumu sana, na kulala pale bila godoro ni adhabu. Kanuni za kimataifa za misaada, zinazoitwa Sphere, zinasema kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba za kulala, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 20. Kwa familia ya watu 6, hayo maji ni lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa, kile ambacho chini yake mtu haishi vizuri. Wengi katika kambi hizo hawakukifikia. Vibanda vilikuwa vidogo, foleni ya maji ilikuwa ndefu, na kipindupindu kilirudi mara kwa mara. Mkaaji wa mji anayefungua robine na kuacha maji yamwagike wakati anaongea na simu anaweza kupoteza bidoni nzima kabla ya kukata simu.

Wengine watasema: vita si makosa ya mwenye robine. Ni kweli. Lakini Goma ni mji ambao haupaswi kusahau jinsi zamu inavyozunguka. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye wakuu waliamuru wakaaji wa kartiye 10 kati ya 18 za mji waondoke. Watu wa Goma walitembea kwa miguu na kwa pikipiki, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakaenda Sake na Minova. Huko walilala katika shule, katika makanisa, na katika nyumba za watu ambao hawakuwajua. Mwezi wa pili 2024, zamu ikageuka: watu wa Sake ndio walikimbilia Goma. Mwaka mmoja kabla haujatimia, vita vikaingia mpaka ndani ya mji. Siku hizo za mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, maji na umeme vilikatika, na watu wenye robine nyumbani walishuka ziwani na bidoni sawa na mhamishwa yeyote. Mwezi wa pili kambi zikabomolewa. Familia zikafunga mizigo tena. Wengine walirudi vijijini na kukuta nyumba hazina paa, wengine wakaingia kwa ndugu na marafiki mjini, ambako bado wako.

Ni katika nyumba hizo za ndugu ambako jambo hili linapimwa sasa. Familia moja inapokea nyingine, chumba kinagawanywa kwa pazia, na baada ya wiki chache mzaha unaanza: mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Methali ni nzuri, lakini jembe linataka shamba. Baba aliyeacha maharagwe yake Masisi hakatai kulima. Hana pa kulimia. Kumkumbusha methali hiyo mbele ya watoto wake ni kumnyang'anya heshima, ambayo pengine ndiyo mali ya mwisho iliyobaki.

Na wahamishwa wenyewe hawakukaa kungoja raha iletwe na gari la shirika. Katika kambi, mama walijaza udongo katika magunia yaliyochakaa wakapanda lenga-lenga. Wengine walipanga mawe mbele ya kibanda wakafagia kila asubuhi, kana kwamba pale ni lupango lao. Mpita njia anaweza kuona kwamba ni bure kufagia mbele ya shitingi. Lakini hiyo ni kazi ya mtu anayejua nyumba ni kitu gani, na anayekataa kusahau.

Basi shukrani ya mwenye mlango inaweza kuonekana kwa vitendo ambavyo havihitaji fedha nyingi. Mwenye robine amwachie jirani mhamishwa bidoni moja asubuhi bila kudai franka. Mwenye kupokea familia awape saa yao ya kuoga, yenye mlango uliofungwa. Mashirika yanapogawa unga na mafuta yawaulize mama wanakosa nini kingine. Pengine watasikia kufuli, taa, sabuni, vitambaa vya wasichana, vitu ambavyo mara nyingi huwekwa mwisho wa orodha. Na wakuu, wa upande wowote, wanapowaambia watu warudi kwao, wakumbuke kwamba mtu harudi kwenye jina la kijiji. Anarudi kwenye paa, maji, na usiku ambao hakuna anayegonga kwa bunduki.

Mhamishwa atashukuru, na siku zote amekuwa akishukuru. Lakini asilazimishwe kushukuru ili wengine wapate kunyamaza. Anayesema "tunakosa pa kuoga" hakufuru. Anataja kitu ambacho jirani yake anacho na amesahau kwamba anacho.