Msituletee dishi lingine tu

Jamani, tuseme ukweli. Kila wageni wakifika huku Nakivale kuongea habari ya intaneti, wanakuja na picha ya dishi. Sisi dishi tulishakaa nalo. Liliwekwa juu ya paa la ofisi moja, watu wakapiga makofi, tukapigwa picha. Siku malipo ya mwezi yalipokatika, wenzetu wanne walikuwa katikati ya kujaza fomu za chuo. Wakabaki kuangalia kile kiduara kinazunguka. Neno la siri alikuwa nalo bwana mmoja aliyeko Kampala, simu hapokei. Dishi bado liko pale, ndege wanatua.

Hatusemi setelaiti ni mbaya. Zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, ndiyo maana ukiongea kwa video sauti inachelewa na mnaanza kugongana maneno. Hizi mpya za chini, kama kilomita 550 hivi, zina kasi kweli. Lakini zinataka kulipiwa kila mwezi, na nani kati yetu ana kadi ya benki?

Wengine wanasema subirini mnara wa simu. Sawa, simu yako tu inatosha. Ila kampuni inajenga penye wateja wenye pesa, na bando la kusomea kwa video linakula pesa ya unga.

Sisi tunataka waifai ya masafa marefu. Antena mbili zinatazamana, kilima kwa kilima, na vilima huku si tunavyo? Njia ikiwa wazi inavuka makumi ya kilomita, na redio yake hata sola ndogo inaiweza. Unanunuliwa mkondo mmoja Mbarara mjini, unarushwa hadi Base Camp, Juru na Rubondo, gharama tunagawana. Hii si ndoto. Kule Gulu, kuanzia 2007, mradi wa BOSCO uliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa waifai ya namna hiyo, na kompyuta za sola.

Ati hatuna mafundi! Na hizo simu zenu zikivunjika kioo mkiwa huku, nani anazitengeneza pale sokoni?

Kama lazima mje na dishi, basi pandeni na vijana wawili wa hapa juu ya hilo paa. Na neno la siri muwaachie.