HESABU ZA MAJI NA UHAI WA WATOTO WALALAO BWENINI



Kila mwaka parokia zetu na jumuiya zetu hukusanya michango ya kujenga mabweni, na kwa hakika bweni ni jambo jema. Msichana wa Tarime au wa Serengeti alalaye shuleni hatembei mwendo mrefu kabla ya mapambazuko, hapotezi jioni zake bila taa ya kusomea, na mara nyingi huwa ameepushwa na ndoa ya utotoni. Ajengaye bweni anajenga haki. Lakini katika vikao vya ujenzi huzungumzwa saruji, mabati, vitanda na rangi, na ni nadra kusikia mtu akiuliza: moto ukiwaka usiku wa manane, maji yatatoka wapi, kiasi gani, na kwa nguvu gani? Tunaona kwamba swali hilo ni la haki na amani, na wala lisiachwe kwa mafundi peke yao.

Yaliyokwisha kutupata

Tusiseme kwamba hatukuonywa. Mwezi Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Mwezi Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, Kagera. Kwa jirani zetu wa Kenya, Bombolulu ilipoteza wasichana 26 mwezi Machi 1998, Kyanguli ilipoteza wavulana 67 mwezi Machi 2001, na Hillside Endarasha ya Nyeri ilipoteza wavulana 21 mwezi Septemba 2024.

Chanzo cha moto si kimoja katika misiba hiyo. Pengine ulikuwa mshumaa, pengine mkono wa mtu. Lakini yaliyofuata hufanana: vitanda vilivyosongamana, madirisha yenye nondo, mlango uliofungwa, na maji yasiyokuwapo. Magodoro ya sponji huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu; chumba kizima chaweza kushika moto katika dakika chache tu. Hata gari la zimamoto likiitwa mara moja kwa namba 114, litawezaje kupita barabara za vumbi na kufika kabla ya dakika hizo kwisha? Katika vijiji vyetu msaada wa kwanza ni ule uliokwisha kuwekwa ndani ya jengo lenyewe.

Ulinzi unaoweza kugeuka mtego

Wilaya zetu mbili zina sababu zao za pekee. Tumezoea hofu ya wezi wa mifugo na ya uvamizi wa usiku, na kwa hiyo twaona nondo madirishani kuwa ni sehemu ya nyumba njema. Zaidi ya hayo, zipo nyumba za hifadhi, kama zile za Masanga, Tarime, na za Mugumu, Serengeti, ambazo huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Miezi ya mwisho wa mwaka, msimu wa kukeketa unapofika, nyumba za namna hiyo hujaa. Mlinzi wa nyumba ya hifadhi popote ana sababu ya kweli ya kufunga mlango: anaogopa ndugu watakaokuja kumchukua msichana kwa nguvu.

Hapa ndipo tunapotakiwa kufikiri kwa makini. Kufuli linalomzuia mtekaji asiingie laweza pia kumzuia msichana asitoke. Hatumlaumu mlinzi, wala hatusemi kwamba nyumba fulani ina kasoro. Tunasema kwamba msichana aliyekwisha kuokolewa na hatari moja ana haki ya kutowekwa katika hatari nyingine. Mlango unaofunguka kutoka ndani bila ufunguo, huku ukiwa umefungwa kwa mtu wa nje, watosha kuzikinga hatari zote mbili. Na mahali ambapo watoto ni wengi na njia za kutokea ni chache, inafaa kuwe na maji yanayojifungua yenyewe juu ya moto.

Kinyunyizio ni kitu gani?

Kinyunyizio cha moto ni mdomo mdogo wa bomba uliowekwa darini na kuzibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika. Joto likifika kiasi fulani, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 68 za Selsiasi, kichupa hupasuka na maji hushuka. Wengi hudhani kwamba moto mmoja utafungua vyote na kuigharikisha nyumba. Sivyo. Hufunguka vile tu vilivyofikiwa na joto lile.

Chombo hiki kina historia inayofundisha. Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alikibuni mwaka 1874 ili kukilinda kiwanda chake cha piano, na Frederick Grinnell akakiboresha miaka michache baadaye. Mwaka 1896 wataalamu wa moto na makampuni ya bima walikutana ili kuweka kanuni za vinyunyizio, na shabaha yao kubwa ilikuwa kulinda mali. Miaka 15 baadaye, mwezi Machi 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini New York, wengi wao wasichana wahamiaji, walikufa katika moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndipo dunia ilipoanza kuuliza kwa sauti kwa nini pamba na piano zilindwe kuliko mshonaji. Swali hilo halijazeeka. Vinyunyizio huonekana leo katika majengo makubwa ya fedha na ya wageni. Mtoto wa mkulima wa Tarime je?

Hesabu yenyewe

Kununua vinyunyizio na kuvifunga darini si mwisho wa kazi. Bila hesabu ya maji vitakuwa pambo, tena pambo la hatari, kwa kuwa vitawafariji watu bure. Tuioneshe hesabu hiyo kwa mfano, ili viongozi wa walei waweze kuuliza maswali bila kuona haya.

Kanuni za Ulaya, kwa majengo ya hatari ya kawaida, kundi la kwanza, zinataka lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kila dakika, juu ya eneo la mita za mraba 72, kwa muda wa dakika 60. Mara 5 kwa 72 ni lita 360 kwa dakika. Kwa dakika 60 ni lita 21,600. Kiasi halisi huzidi kidogo, kwa sababu vinyunyizio vilivyo karibu na chanzo cha maji hupata msukumo mkubwa zaidi.

Kila kinyunyizio kikilinda mita za mraba 12, eneo lile lina vinyunyizio 6, na kila kimoja kitoe lita 60 kwa dakika. Kinyunyizio cha kawaida huhitaji msukumo wa maji wa kimo cha mita 5.7 hivi ili kitoe kiasi hicho. Tukumbuke pia kwamba maji hayaongezeki sawasawa na msukumo, kwani hufuata kipeuo chake cha pili: ukitaka maji maradufu, sharti msukumo uwe mara nne.

Kisha kuna msuguano ndani ya bomba. Tuseme tangi liko mita 60 kutoka bwenini, na lita zile 360 zapita katika bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50. Safari hiyo peke yake hula msukumo wa mita 15 hivi. Tukiweka bomba la milimita 80, hula mita 1.5 tu. Kipenyo hakikufika maradufu, lakini hasara imepungua karibu mara kumi. Hapa ndipo fundi asiyepiga hesabu, au anayebana fedha kwa kununua bomba jembamba, anapoweza kuubatilisha mradi mzima bila mtu kutambua mpaka siku ya msiba.

Sasa tujumlishe. Dari iko mita 3 juu ya sakafu, kinyunyizio chataka mita 5.7, na bomba nene lataka 1.5. Kitako cha tangi kiwe basi zaidi ya mita 10 juu ya sakafu ya bweni, kabla ya kuhesabu matawi ya ndani. Kwa bomba jembamba zingehitajika karibu mita 24. Na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6? Hata msuguano usipokuwapo, kila kinyunyizio kingetoa lita 43 tu badala ya 60.

Mwinuko wa kutosha

Wako watakaosema: maji ya kunywa hayatoshi, mwatuletea habari za maji ya moto? Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini maji ya moto hayatumiki kila siku. Hujazwa mara moja na kulindwa. Paa la mita za mraba 200 hukusanya lita 200 kwa kila milimita ya mvua. Hata tukipoteza sehemu ya tano, milimita 135 hujaza tangi letu, na nyanda za juu za Tarime hupata mvua nyingi kuliko hiyo kila mwaka. Mkondo wa matumizi ya kila siku uchomwe juu ubavuni mwa tangi, ili akiba ya chini ibaki kwa ajili ya moto tu.

Kuhusu mwinuko, Mungu ametupatia vilima. Mahali ambapo shule iko chini ya mteremko, tangi likijengwa kilimani hupata mita 10 au 20 bila mnara na bila pampu inayongoja umeme uliokatika. Katika tambarare za Serengeti itabidi kujenga mnara au kuweka pampu ya mafuta inayojiwasha yenyewe, na gharama hiyo isemwe wazi tangu mwanzo.

Twakubali kwamba vinyunyizio havitangulii yote. Tunaupendekeza utaratibu huu:

(a) Milango miwili au zaidi inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo zisizofunguka.

(b) Taa za umeme wa jua mahali pa mishumaa na koroboi, na idadi ya vitanda isiyozidi nafasi.

(c) Kengele ya moto, na mazoezi ya kutoka gizani kila muhula.

(d) Vinyunyizio vyenye hesabu iliyoandikwa, iliyotiwa saini na mhandisi na kuoneshwa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo limepewa mamlaka ya ukaguzi kwa sheria ya mwaka 2007.

Haya mambo ya (a) hayangoji mfadhili. Msumeno wa chuma na siku moja ya kazi vyatosha kuanza.

Wajibu wetu

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Sheria ile haimngoji mtu aanguke. Nasi tunaziomba kamati za ujenzi za parokia, halmashauri za walei na bodi za shule zisipitishe ramani ya bweni lolote isiyokuwa na ukurasa wa maji ya moto. Ukurasa huo ujibu maswali manne: lita ngapi kwa dakika, kwa dakika ngapi, kutoka kimo gani, na kupitia bomba la kipenyo gani. Mkandarasi akishindwa kujibu, kikao kiahirishwe. Kuahirisha kikao ni hasara ndogo.