Daftari la Alama na Majina Litufae na Sisi

Wanachama wengi wakisikia habari ya daftari la Serikali la mali ya viwanda hudhani ni mambo ya mitambo na magodauni, hayawahusu. Sivyo. Mali hiyo ni uvumbuzi, alama za biashara, na majina ya mahali bidhaa zinapotoka. Na hayo majina yatuhusu sana. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Sifa ya jina hilo tumeichuma mtini na kuianika jamvini.

Sheria ipo tangu mwaka 2008. Tena jambo hili si la Muungano: alama iliyoandikishwa Dar es Salaam peke yake haina ulinzi Zanzibar. Basi daftari letu ndilo ngao yetu.

Kulitia daftari katika kompyuta si kazu kubwa. Kubwa ni kujua liandikwe nini na asome nani. Kwa maoni yetu, mambo manne yafaa. Kwanza, lisomeke kwa Kiswahili, bila ada, hata mtu wa Konde alitazame bila ya kupanda chombo kwenda mjini. Pili, litafutike kwa jina na kwa picha, kwani mwigaji hubadili herufi moja tu akaacha sura ile ile. Tatu, kila alama ionyeshe mwenyewe, bidhaa, tarehe yake na siku ya kwisha. Nne, maombi mapya yatangazwe humo kabla ya kukubaliwa, ili mwenye pingamizi aseme mapema.

Wenzetu wameonyesha njia. Mwaka 2013 pilipili ya Penja, nchini Kamerun, iliandikishwa kwa jina la mahali pake. Jina la namna hiyo si la tajiri mmoja. Ni la wote walimao pale kwa masharti waliyokubaliana.

Na hapo pana wajibu wetu, ndugu wanachama. Serikali italinda jina, lakini haitatuchagulia makonyo. Tukipeleka karafuu zenye unyevu na mchanga, tutakuwa tumeandikisha jina tupu. Tulidai daftari, nasi tuyatimize yatakayoandikwa humo.